Kuiga Si Kuiba

Yapo mambo mawili ambayo watu wa rika langu hawapendi kuyasikia yakitajwa pamoja katika ukurasa kama huu: utunzi na michezo ya televisheni. Utunzi, kwa kauli yao, ni kazi ya watu wazima wenye akili zao timamu, na michezo ile ya kubonyeza vidude huku macho yamekodolewa kiooni ni upuuzi wa watoto waliotoroka chuoni. Sasa juu ya hayo limezuka neno jingine mabarazani. Inasemwa kwamba michezo ile ya kale, ya miaka ya 1980 na 1990, imefufuliwa ikatiwa katika simu za mkono na kompyuta za leo, kwamba vijana wanaicheza bila ya kulipa senti, na kwamba jambo hilo ni wizi usio na jina jingine. Nimeyasikiliza maneno haya kwa muda. Mimi ni mtunzi, na mtunzi ndiye angefaa kuwa wa kwanza kupiga kelele akiona kazi za watu zinanakiliwa. Walakini naona walio wengi wanahukumu kesi ambayo faili lake hawajalifungua.

Tuanze na kitu chenyewe kabla ya hukumu yake. Mashine ya michezo ya zamani, mathalan ile ya Nintendo iliyotolewa Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa jina la Famicom, na baadaye ikauzwa Marekani na Ulaya kwa jina la NES, ilikuwa ni kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya sanduku la plastiki. Ubongo wake ulipiga mapigo milioni 1.79 hivi kwa sekunde, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu, na nyingine 2 za kupangia picha. Mchezo ulikuwa ndani ya kaseti ya kuchomeka. Kaseti ile haikuwa na picha za kutazamwa kama filamu. Ilikuwa na amri, zilizoandikwa kwa lugha ya ubongo ule mmoja. Ubongo mwingine ukipewa amri zile hauambulii kitu, kama vile mtu asiyejua khati za Kiarabu anavyopewa waraka wa babu yake akaugeuza juu chini. Basi ili mchezo ule uchezeke katika simu ya leo, hapana budi aandikwe mtu wa kati, programu itakayojifanya kuwa ndiyo sanduku lile: isome amri moja moja, na kwa kila amri ifanye yale ambayo sanduku lingeyafanya. Mafundi huiita emuleta. Mimi kwa kuwa ni mtu wa kupenda maneno nitaiita kiigizi, na wingi wake viigizi, na asiyelipenda neno hili na alete lake.

Fikra hii si ya watoto wala si ya jana. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwa hesabu kwamba yaweza kuwapo mashine moja ya kuiga kazi ya kila mashine ya namna yake, madhali imepewa maelezo yake. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilipoleta kompyuta zake mpya za System/360, iliwawekea wateja njia ya kuendesha humo programu walizokuwa wameziandikia mashine za zamani za 1401, kwa sababu hakuna mfanyabiashara ambaye angekubali kutupa hesabu zake zote kwa ajili ya sanduku jipya. Hapana aliyeita kitendo hicho wizi. Kiliitwa maendeleo.

Wengi hudhani kuwa kuiga ni kazi rahisi, kwamba simu ya leo, yenye nguvu mara maelfu kuliko sanduku lile, haiwezi kushindwa kujifanya sanduku lile. Hasha. Mwenye nguvu si lazima awe mwigaji mwema. Jitu la miraba minne ukiliambia litembee kwa mwendo wa bibi kizee, kila hatua mahali pake na kila pumzi wakati wake, litajikwaa kabla ya kufika mlangoni.

Alikuwako mtengenezaji wa programu, Mmarekani, aliyejulikana kwa majina ya byuu na Near, akafariki mwaka 2021. Mnamo 2004 alianza kuandika kiigizi cha Super Nintendo, mashine iliyotoka Japani 1990. Viigizi vya kabla yake vilikuwa vikiridhika mchezo ukionekana uko sawa. Pakiwa na kasoro, mafundi walitia kiraka cha mchezo ule mmoja wakaendelea na safari. Yeye akakataa viraka. Alitaka mashine yenyewe iigwe, pigo kwa pigo, ili mchezo wowote ukitiwa ndani yake usijue kuwa umehamishwa nyumba. Mwaka 2011 aliandika makala akaeleza gharama ya msimamo wake: kwamba kuiigiza kwa ukamilifu mashine ile, ambayo ubongo wake haupiti mapigo milioni 3.58 kwa sekunde, kunahitaji kompyuta ya mapigo kama bilioni 3.

Na kwa nini ajitaabishe hivyo? Alitoa mifano, nami miwili imenikaa moyoni. Katika mchezo uitwao Air Strike Patrol mchezaji huendesha ndege ya vita. Chini ya ndege huwa pana kivuli. Kivuli kile kilichorwa kwa ujanja mgumu mno, kwa kubadilisha mambo katikati ya mstari wa picha wakati mstari wenyewe ungali unachorwa, na viigizi vingi havikuweza kukifuata ujanja huo. Basi ndege iliruka bila ya kivuli, na wachezaji hawakulalamika, kwani mtu atalalamikiaje kitu asichojua kwamba kilikuwapo? Lakini kivuli kile hakikuwa pambo. Ndicho kilichomwonyesha mchezaji mahali bomu lake litakapoangukia. Mfano wa pili ni mchezo wa yule panya Speedy Gonzales. Humo, mbali kabisa katika hatua za mwisho, pana kitufe cha kukanyagwa, na katika kiigizi kisicho sawa mchezaji akikikanyaga mchezo wote huganda, haupigi mbele wala nyuma. Mtu angecheza saa nyingi akijiona yumo katika asili, kumbe alikuwa akitembea kuelekea ukuta.

Nilipoyasoma hayo nilimfahamu mtu yule kama ninavyomfahamu mwenzangu wa kazi. Shairi la mizani 16 likinakiliwa na mtu mwenye haraka, akapunguza silabi moja katika ubeti wa kumi na mbili, msomaji wa kimya huenda asione lolote. Mpe mwimbaji. Atafika pale pale, sauti itakwama, na watu watamlaumu yeye.

Tena kuna mambo ambayo yalikuwa ni upungufu wa mashine lakini yakawa ndiyo uhai wa mchezo. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, alitunga Space Invaders, ule mchezo wa safu za majini ya angani yanayoteremka polepole huku ukiyapiga kutoka chini. Kadiri yanavyopungua ndivyo yanavyozidi mbio, mpaka lile la mwisho hukimbia kama lina wazimu. Watu hudhani lilipangwa. Asili yake ni kuwa ubongo wa mashine ulikuwa ukielemewa na kuyachora yote. Yalipokufa mengine ukapata nafasi, na waliobaki wakaenda kasi. Nishikado akaliona, akaliacha, na kizaazaa cha mchezo mzima kikatoka humo. Sasa mtie huyo katika mashine ya leo isiyojua kuelemewa, nawe usiige udhaifu wa ile ya kwanza: majini hayo yote yatakushukia mara moja. Mwigaji mwaminifu hana budi auige uchovu pia.

Vilevile nawaomba wanaoidharau michezo hii wautazame ufundi wa watu waliofanya kazi katika chumba kifinyu. Super Mario Bros., wa 1985, ambao Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka waliutunga, wote mzima, na ramani zake, nyimbo zake na maadui wake, ni kilobaiti 40. Picha moja niliyopigwa kwa simu harusini ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Mawingu ya mchezo ule na vichaka vyake ni mchoro mmoja. Juu umetiwa rangi nyeupe, chini umetiwa kijani. Aliyewahi kutafuta kina cha kati saa saba za usiku atajua furaha ya mtu aliyegundua hilo. (Kama kupoteza alasiri nzima mbele ya kioo kuna makosa, hilo nawaachia masheikh, fatwa ina wenyewe, nami si mmoja wao.)

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo mabaraza yanaponichekesha. Husemwa kwamba vijana wa leo wanacheza nakala, ilhali sisi tulicheza asili. Asili gani? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa kijana, mashine za michezo nilizoziona Mji wa Kale zilikuwa zimeletwa na watu waliotoka Dubai, na hata moja haikuwa imetengenezwa na Nintendo. Zilikuwa ni Famicom za kughushi, za Taiwan na China, zilizouzwa kwa majina ya kila aina dunia nzima. Warusi walikuwa nayo yao, Dendy, ikawa maarufu kuliko ile iliyoghushiwa. Kaseti zilikuwa za manjano, na kibandiko kikinadi michezo 9999 ndani ya moja. Ukiihesabu hiyo 9999 unakuta ni michezo kadhaa tu inayorudiwa, mmoja unaanzia hatua ya tatu, mwingine mtu wake amebadilishwa rangi. Watoto walilipa shilingi zao kwa dakika kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, pazia limeshushwa ili mwalimu wa chuo asiwaone akipita. Mwalimu alikuwa akijua. Alisimama nje ya pazia akakohoa, na chumba kikawa kitupu.

Hivyo basi tulichokicheza kilikuwa mwigo kabla neno kiigizi halijabuniwa. Tena mwigo wa kibiashara, ambao faida yake ilikwenda kwa mghushi na hata shilingi moja haikumfikia mtunzi. Na hata aliyekuwa na mashine halali hakuwa na hakika ya asili. Televisheni za Japani na Marekani zilionyesha picha 60 kwa sekunde. Za Ulaya, na zetu tuliofuata mpango wao, 50. Michezo mingi iliyopelekwa Ulaya haikurekebishwa, ikawa inakwenda polepole kwa kadiri ya sehemu moja katika sita, pamoja na nyimbo zake. Kijana wa London na kijana wa Tokyo walikuwa na mchezo wa jina moja na kumbukumbu mbili. Kiigizi kizuri hukuuliza leo: waitaka ya 60 au ya 50? Hilo ni swali la mhakiki wa maandishi ya kale, si la mwizi.

Tufike kwenye haki ya mtunzi, maana ndiyo hoja yao kubwa, nami sitaki kuikwepa.

Mwaka 1979, katika kampuni ya Atari huko California, watunzi wa michezo hawakuruhusiwa kutiwa majina yao popote. Wanne kati yao waliudhika, wakaondoka, wakaanzisha kampuni ya Activision mwaka ule ule, wakaanza kuandika jina la mtunzi kwenye kijitabu cha kila mchezo. Wa tano, Warren Robinett, alitumia njia nyingine. Alikuwa akitunga mchezo uitwao Adventure, kaseti yake kilobaiti 4 tu. Ndani yake akajenga chumba cha siri kisichokuwa katika ramani yoyote. Ili ukifikie yakupasa uokote nukta moja ndogo, rangi yake ni ile ile ya sakafu, ndani ya ngome nyeusi, uichukue mpaka mahali maalumu, na hapo ukuta unapitika. Chumbani mmeandikwa kwa herufi za kumetameta kwamba mchezo huu umetungwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu. Alipoacha kazi, mchezo ukauzwa, na kijana mmoja wa Salt Lake City akakigundua chumba, akawaandikia Atari barua mwaka 1980.

Watunzi wetu wa pwani tangu zamani wamekuwa wakilitia jina lao katika beti za tamati, tena wengine kwa fumbo la herufi, ili mpokonyaji asiweze kulitoa bila ya kuvunja vina. Robinett hakutujua wala hakutusoma. Lakini dhuluma ni moja, na dawa aliyoipata ni ile ile. Na leo mtu wa Lamu au wa Vanga akitaka kukiona chumba kile atakiona kwa kiigizi, bila ya kumtafuta Mmarekani mwenye sanduku la Atari linalowaka bado.

Au mtazameni Alexey Pajitnov. Mwaka 1984 huko Moscow, katika kituo cha kompyuta cha chuo cha sayansi cha serikali, alitunga Tetris kwenye mashine ya Elektronika 60, ambayo haikuweza kuchora picha, kwa hiyo vitofali vyake alivifanya kwa alama za mabano. Mchezo ukatapakaa duniani. Mwaka 1989 Nintendo ikauza mashine yake ya mkononi, Game Boy, pamoja na Tetris, na vile vimashine vya vitofali vilivyouzwa katika kila duka la Mombasa, ambavyo kila mtoto alikuwa akivigombania, vilikuwa ni watoto wa haramu wa kazi ile ile. Haki za mchezo zilikuwa mkononi mwa serikali ya Kisovieti. Mtunzi hakuanza kupata fungu lake mpaka 1996, alipoungana na Henk Rogers wakaanzisha kampuni. Kwa miaka kama kumi na miwili, kila aliyenunua nakala halali kabisa, kwa risiti na muhuri, hakumlipa Pajitnov kitu. Kwa hiyo mtu akiniambia "mwenye mali", kwanza namwuliza: unamkusudia aliyetunga, au aliyeshika karatasi?

Siulizi swali hilo kwa nadharia. Zamani, nilipokuwa ningali kijana, shairi langu moja liliimbwa na kikundi cha taarabu, likarekodiwa, kanda ikauzwa, na juu ya kanda mkaandikwa mtunzi asiyekuwa mimi. Sikupata shilingi wala salamu. Yaliniuma, na yangali yananiuma kila arusi ninayolisikia. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Studio ile ilifungwa na kanda zake za asili zikatupwa pamoja na samani. Mimi mwenyewe daftari langu liliharibiwa na mvua ya masika. Shairi lile lipo leo, beti zake zote, kwa sababu kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na redio ya kanda mbili, akawanakilia jamaa zake bila ya idhini ya mtu yeyote, na nakala moja ikabaki kabatini kwa shangazi yake. Aliyenidhulumu alikuwa na karatasi zote. Aliyenihifadhi hakuwa na hata moja. Tangu siku ile nimekuwa mzito wa kuyatumia maneno mawili, kunakili na kuiba, kama kwamba ni neno moja.

Na hali ya michezo hii ndiyo hiyo hiyo, tena mbaya zaidi. Kaseti zilizohifadhi mwendo wa mchezaji kwa betri ndogo, kama ile ya The Legend of Zelda, betri zake zinakufa. Sahani za plastiki zinaota madoa. Maduka ya mtandaoni nayo hufungwa: tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga duka la mashine zake za Wii U na 3DS, na michezo iliyokuwa ikiuzwa humo peke yake ikawa haina pa kununuliwa. Mwaka ule ule wa 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa uchunguzi wake ikakuta kwamba katika michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010, asilimia 87 haipatikani tena sokoni kwa njia yoyote. Maana yake ni hii: mtu mwaminifu, mwenye pesa mkononi, akitaka kununua halali, katika kila michezo kumi ataambulia mmoja na kidogo. Maktaba ziliomba ruhusa ya kuwaonyesha watafiti michezo hiyo wakiwa mbali, na Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa. Wenye karatasi walipinga. Hawauzi, wala hawataki isomwe.

Kuhusu kiigizi chenyewe sheria imekwisha kusema, japo mabaraza hayakusikia. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ilitoa programu ya kuigiza PlayStation katika kompyuta za Macintosh. Sony ikashtaki. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya Marekani ya mzunguko wa tisa ikaamua kwamba kuichambua mashine ili kutunga kiigizi kipya ni matumizi ya haki. Kilichofuata ni kichekesho: Sony ikainunua programu ile mwaka 2001, ikaizika. Na Nintendo yenyewe, ilipotoa mwaka 2016 kisanduku chake kidogo chenye michezo 30 ya zamani, ndani ya kisanduku mlikuwa na nini? Kiigizi.

Mchezo ulio ndani ya kaseti ni jambo jingine. Huo una mwenyewe, na sheria ya hakimiliki ingali inamlinda. Mimi mpaka wangu nauweka hivi. Kitu kilichoko dukani, kinunuliwe. Mwaka 2024 watengenezaji wa kiigizi cha Yuzu walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4, na sikuwalilia, kwa sababu waliigiza mashine ya Switch iliyokuwa ingali inauzwa, na michezo yake ilichezwa na watu hata kabla haijafika sokoni. Huko sikuoni kuhifadhi, naona pupa. Lakini mchezo ambao mwenyewe ameutupa, haujauzwa miaka 25, mtunzi wake pengine hajulikani au amekwisha kufa, kumwita mwizi kijana anayeufuta vumbi ni kukosa adabu kwa maneno.

Vijana nao nina la kuwaambia, na ni fupi. Viigizi vimewapa kitufe cha kuhifadhi mahali popote na kitufe cha kurudisha wakati nyuma. Mchezaji akianguka shimoni, anabonyeza, yuko juu tena. Mchezo uliotungwa kwa hesabu ya roho tatu, kila roho na thamani yake, unachezwa na mtu asiyekufa, kisha anasema ameumaliza kwa saa moja na ulikuwa mwepesi! Wengine huilainisha michoro mpaka vipande vyake vyote vimekuwa kama siagi iliyoachwa juani. Byuu alitumia miaka akitafuta kivuli cha ndege moja, nawe unakiyeyusha kwa kupenda mng'aro.

Kuna kitu kimoja ambacho, pamoja na ufundi wote huu, viigizi havijakiweza vizuri, nacho ni bunduki. Waliokuwako watakumbuka ule mchezo wa bata, Duck Hunt wa 1984, bata wakiruka kutoka majanini na mbwa akiibuka kukucheka ukiwakosa. Bunduki ile haikutoa kitu chochote. Ilikuwa ni jicho. Ukivuta kifyatulio, kioo kinageuka cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata panatokea mraba mweupe, na jicho la bunduki likiuona ule mwanga katika wakati ule ule, bata huanguka. Yote yalitegemea kwamba televisheni ya kioo kinene ilichora mwanga papo hapo, bila ya kukawia. Televisheni bapa za leo hukawia kidogo sana, kiasi ambacho jicho la mtu halioni, lakini bunduki hukuta giza. Unapiga, unapiga, bata wanapita salama, na mbwa anacheka.

Wako wanaouza vifaa vya kamera vya kuziba pengo hilo, na nimeambiwa vyafaa. Mimi naona njia fupi zaidi. Mashine ninayo, ya kughushi kama zote za wakati ule, na bunduki yake nimeipata kwa fundi mmoja wa Mwembe Tayari aliyekuwa akiitumia kuzuilia mlango. Ninachokosa ni televisheni ya kioo kinene inayowaka, hata ikiwa ya inchi 14. Mwenye nayo stoo, kabla hajaiuza kwa chuma chakavu, naomba anijulishe kupitia kwa mhariri. Ya kuileta nyumbani nitajua mwenyewe.